Je, Wajua? Kompyuta ya Mezani Isipowaka

Umebonyeza kitufe: kimya. Feni haizunguki, taa haiwaki. Usiitangazie kifo bado. Fuata njia ya umeme kutoka ukutani hadi kwenye bodi. Hatua nyingi utazikagua mwenyewe bila kulipa hata senti.

JE, WAJUA KWAMBA…

…plagi ina fyuzi ndani? Plagi ya pini tatu bapa tunayotumia Kenya, Tanzania na Uganda hubeba fyuzi, mara nyingi ya ampea 13. Ikiungua, soketi ni nzima, kompyuta ni nzima, ila umeme haupiti.

…waya wa umeme wa monita nyingi ni sawa na ule wa kompyuta? Badilishana. Kompyuta ikiwaka, mbovu ni waya.

…pawa saplai ina swichi yake mgongoni? Alama ya I ni kuwasha, O ni kuzima. Mashine ikisogezwa wakati wa kufagia, swichi hii huweza kuzimwa bila mtu kujua.

…swichi ndogo nyekundu yaweza kuiunguza mashine papo hapo? Pawa saplai za zamani huchaguliwa volti: 115 au 230. Nyumba za Marekani hutumia volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Kompyuta ya mtumba ikaguliwe kabla ya kuchomekwa: swichi iwe kwenye 230, si 115.

…kitufe cha mbele hakikati umeme? Katika muundo wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995, kitufe hutuma ishara tu kwa bodi. Mashine iliyozimwa lakini imechomekwa bado ina volti 5 za kusubiri ishara hiyo. Ndiyo maana bodi nyingi huwa na taa ndogo inayowaka muda wote. Ukiiona, umeme umefika kwenye bodi.

…kitufe chenyewe huharibika? Fundi huchomoa waya wake kwenye bodi, kisha hugusisha pini zile mbili kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Mashine ikiwaka, kinachobadilishwa ni kitufe.

…sekunde 30 zaweza kuifufua? Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinga ya pawa saplai huweza kujifunga. Chomoa waya wa ukutani, shikilia kitufe kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, kisha chomeka upya.

…waya wa kijani ndio unaoiamrisha pawa saplai iwake? Katika plagi kubwa ya ATX yenye matundu 24, fundi huunganisha waya wa kijani na mweusi ili kuipima bila bodi. Feni yake ikikataa kuzunguka, yaelekea pawa saplai imekufa. Baadhi ya kompyuta za kampuni kubwa zina plagi na rangi zake, kwa hiyo kipimo hiki mwachie anayezijua.

…feni zikizunguka na skrini ikabaki giza, ugonjwa ni mwingine? Angalia plagi ya pili ya umeme, ile ya prosesa, yenye matundu 4 au 8. Kisha chomoa RAM, futa meno yake, irudishe mpaka ibane. Mashine ikitoa milio, ihesabu: mpangilio wake humweleza fundi kifaa chenye hitilafu.

…kapasita iliyovimba kichwa huonekana kwa macho? Mapema miaka ya 2000, kapasita duni ziliua bodi nyingi duniani. Kichwa chake chatakiwa kuwa bapa.

…pawa saplai iliyochomolewa bado yaweza kuua? Kapasita zake kubwa huhifadhi zaidi ya volti 300 kwa muda. Usilifungue kasha lake kamwe, nunua nyingine.

…kazi zako kwa kawaida bado zipo? Faili hukaa kwenye diski, nayo huhamishika kwenye kompyuta nyingine. Usikubali mtu aifute au aitupe diski kwa sababu tu mashine haiwaki.