Bomba la Bia Chini ya Mji wa Kale

Ndugu msomaji, mabomba ya maji na ya mafuta unayafahamu. Je, umepata kusikia habari za bomba la bia?

Bomba hilo limo katika mji wa Bruges, nchini Ubelgiji, mji wa mifereji, madaraja ya mawe na nyumba za karne nyingi, ambao watalii huufurika kila mwaka. Mwaka 2000 kitovu chake kiliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Humo kimo kiwanda cha bia cha De Halve Maan, yaani Nusu Mwezi, kilichoanzishwa mwaka 1856. Leo chaendeshwa na wazao wa mwanzilishi wake.

Biashara ilipokua, kazi ya kutia bia katika chupa ilihamishiwa nje ya mji mwaka 2010. Hapo ndipo taabu ilipozuka: malori mazito yakawa yakipita katika njia nyembamba za mawe, yakiwaudhi wakazi. Kuhama kungeuponya mji, lakini kungeua desturi ya mababu.

Wenyewe wakachagua njia ya tatu. Mwaka 2016 lilifunguliwa bomba la urefu wa kilomita 3 na zaidi, liwezalo kupitisha lita 4,000 kwa saa chini ya barabara na mifereji. Sehemu ya gharama ilichangwa na wapenzi wa bia hiyo, nao wakaahidiwa malipo ya chupa.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Huko Bruges, njia yenyewe ilipatikana chini ya ardhi.