Diklofenaki: kidonge cha magoti kilichomaliza tumbusi

Je, wajua kwamba kidonge anachonunua bibi wa Mogitu hapa Tanzania ili magoti yamruhusu kushuka shambani kina dawa ileile iliyowamaliza tumbusi wa Bara Hindi? Katika miaka ya 1990 wafugaji wa India, Pakistan na Nepal walizoea kuwachoma ng'ombe sindano ya diklofenaki wanapochechemea au kuvimba kiwele. Ng'ombe akifa, mzoga ulitupwa nje ya kijiji na tumbusi wakashuka kuula, kama walivyofanya miaka yote. Baada ya siku chache ndege wale walionekana juu ya miti wameinamisha vichwa, kisha wakaanguka mmoja mmoja. Kati ya mwaka 1992 na 2007 tumbusi wa mgongo mweupe nchini India walipungua kwa asilimia 99.9.

Watu walidhani ni virusi. Jibu lilipatikana mwaka 2004, pale timu ya Lindsay Oaks, daktari wa mifugo kutoka Marekani aliyechunguza mizoga ya tumbusi wa Pakistan, ilipochapisha matokeo yake. Ndege walipopasuliwa, ini na moyo vilikutwa vimepakwa ungaunga mweupe wa asidi ya yuriki, na figo zilikuwa zimeharibika kabisa. Huo ni ugonjwa wa jongo, uleule unaomkosesha mtu mzima usingizi kwa maumivu ya kidole gumba cha mguu, ila kwa tumbusi ulikuwa umetapakaa tumboni na kifuani. Dawa tunayoimeza kutuliza jongo iliwaua wao kwa jongo. India, Pakistan na Nepal ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Mtu si tumbusi, na figo zake huistahimili dawa hii kuliko za ndege yule. Hata hivyo kiungo kilichomwangusha tumbusi ndicho cha kuangaliwa kwanza kwa mzee anayeimeza kila siku, na wazee wa namna hiyo ni wengi mno katika vijiji vyetu.

Mogitu ni kata ya wilaya ya Hanang, chini ya mlima wenye jina hilo unaofikia mita 3,400 na zaidi. Ni nchi ya mahindi, mbaazi, alizeti na ng'ombe, na kazi zake karibu zote hupitia gotini: kuinama na jembe, kupanda na kushuka, kubeba maji na kuni. Juni na Julai baridi ya mlimani inapobana, wazee huamka wamekakamaa na kusema baridi imeingia mifupani. Safari ya kwanza huwa si ya hospitali. Huwa ya duka la dawa.

Maduka ya Dawa Muhimu yalianzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili yachukue nafasi ya yale tuliyoyaita ya dawa baridi. Yamewafaa sana watu wa vijijini, maana daktari yuko mbali na duka liko karibu. Mazungumzo ya kaunta ni mafupi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nipe zile za miguu." Muuzaji anajua zile za miguu ni zipi, anakata vidonge kumi kwenye karatasi yake, anapokea hela. Hakuna aliyeuliza kuhusu presha, wala vidonda vya tumbo, wala mama huyo anameza nini kingine.

Diklofenaki ilitengenezwa Uswisi katika kampuni ya Ciba-Geigy na wanakemia Alfred Sallmann na Rudolf Pfister, na soko lake la kwanza lilikuwa Japani mwaka 1974. Wakati huo Mwingereza John Vane alikuwa amekwisha kueleza namna dawa za aina hii zinavyofanya kazi, ugunduzi uliompa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Kiungo kikiumia, mwili hutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na kuzifanya neva ziwe nyepesi kuhisi maumivu. Diklofenaki hukizuia kimeng'enya kinachozitengeneza. Goti hupoa, uvimbe hushuka, mtu husimama.

Taabu ni kwamba prostaglandini hazikuumbwa kwa ajili ya kutuumiza tu. Tumboni ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi yake lenyewe. Kwenye figo ndizo zinazoweka mishipa wazi damu ipite. Ukizizima gotini kwa kidonge, umezizima na huko.

Kitazame kidonge chenyewe kwa karibu. Vingi vina miligramu 50 na vimefunikwa kwa ganda laini linalong'aa, lililowekwa ili dawa isiyeyukie tumboni, isubiri hadi utumbo mwembamba. Ndiyo maana hakitafunwi wala hakikatwi katikati. Wapo wanaoamini kwamba ganda hilo ni kinga dhidi ya vidonda vya tumbo. Kinga hiyo ni ndogo mno, kwa sababu madhara makubwa hayaji kwa kidonge kugusa tumbo. Huja kwa njia ya damu, baada ya dawa kufyonzwa. Hata anayechomwa sindano ya diklofenaki tumbo lake limo hatarini.

Jambo lingine la ajabu: dawa hii haikai sana kwenye damu. Saa moja au mbili tu kiwango chake hushuka kwa nusu. Lakini ndani ya ute wa goti hubaki muda mrefu zaidi, kwa hiyo nafuu huendelea hata damu ikiwa imeshaisafisha. Ndiyo sababu ya kutokimbilia kidonge kingine mara tu maumivu yanapochungulia. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 150 kwa siku, yaani vidonge vitatu vya 50, na kwa mzee inafaa iwe chini ya hapo, kwa siku chache, baada ya chakula.

Kisha kuna moyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitangaza kwamba wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi wasipewe diklofenaki. Mwaka huohuo watafiti walipekua orodha za dawa muhimu za nchi 100 na kukuta diklofenaki katika nchi 74, ilhali naproxen, ambayo kwa moyo ni salama zaidi, ilikuwa katika nchi 27 tu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani yenyewe ina ibuprofeni na haina diklofenaki. Ninaona uchungu kulisema hili, kwa sababu katika nchi nyingi maskini dawa yenye hatari zaidi kwa moyo ndiyo iliyo rahisi kuipata. Mzee mwenye presha anayetumia vidonge vya kukojoza maji pamoja na vya jamii ya lisinopril au losartan, akiongeza na diklofenaki, figo zake zinabanwa kutoka pande tatu kwa mpigo.

Basi afanye nini na goti linauma? Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 kwa ugonjwa wa viungo kusagika kwa upande wa dawa unaanza na ya kupaka ya jamii hiihii. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 huzama gotini, na kinachoingia kwenye damu ni takriban asilimia 6 tu ya kile ambacho kidonge kingeingiza. Goti na vidole viko karibu na ngozi, kwa hiyo hunufaika. Nyonga iko ndani mno, haifikiwi. Ila wengi huipaka kidogo kupita kiasi, kisha wakasema haifanyi kazi. Kipimo kilichoandikwa kwenye jeli inayouzwa Marekani ni gramu 4 kwa goti moja, mara nne kwa siku. Hiyo ni gramu 16. Tyubu ndogo ya gramu 20 inaisha kesho yake. Ukiyatazama mahesabu hayo unaelewa kwa nini mtu wa kipato kidogo hurudi kwenye kidonge, na sitamlaumu. Nitamshauri tu aiweke jeli kwa siku zile mbaya na goti lile baya.

Panadol, yaani parasetamoli, haina hatari hizo za tumbo, lakini kwa goti lililosagika nafuu yake ni ndogo, na kupita vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku ni kuliua ini.

Pilipili inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Ukali wake, kapsaisini, hushika mlango maalumu kwenye neva za maumivu, mlango uliogunduliwa na David Julius mwaka 1997 na kumpatia Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Neva ikichokozwa hivyo mara kwa mara huchoka na kuacha kupeleka habari. Krimu ya kapsaisini hupakwa mara tatu au nne kwa siku na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Tumia ya dukani yenye kipimo, usijitengenezee kwa pilipili kichaa ukaiunguza ngozi, na osha mikono kabla hujagusa jicho.

Kuhusu virutubisho nitakuwa mfupi, kwa kuwa fedha nyingi za wazee huishia huko bure. Glukosamini, inayotengenezwa zaidi kwa magamba ya kamba na kaa, huuzwa kwa ahadi ya "kurudisha ute". Mwaka 2006 Wamarekani walichapisha jaribio kubwa la watu 1,583: kwa jumla yake glukosamini na kondroitini hazikuvishinda vidonge visivyo na dawa ndani. Mwongozo wa Uingereza unasema wazi glukosamini isitolewe. Manjano ina majaribio madogo yenye kutia moyo. Kwenye mchuzi haina neno.

Kinachonitisha zaidi ni kirutubisho kinachofanya kazi upesi mno. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu kuhusu bidhaa za viungo zenye jina la Artri King: zilidaiwa kuwa za asili, kumbe ndani yake mlifichwa diklofenaki na deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi inayovimbisha uso, kupandisha sukari na kuzima homoni za mwili zenyewe. Aliyezoea kuitumia hatakiwi hata kuiacha ghafla bila daktari. Mtu akipanda basi la Babati kwenda Singida na chupa ya "mitishamba" inayomwamsha kilema siku hiyohiyo, mwulize namba yake ya usajili.

Sasa nifike penye uzito. Kidonge huzima maumivu bila kuuliza yametoka wapi, na Hanang si mahali pa kudhani kila maumivu ya viungo ni uzee. Hii ni nchi ya mifugo, na mifugo ina brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya kiuno, nyonga na magoti. Meza diklofenaki: homa inashuka, maumivu yanapoa, mgonjwa anasema afadhali, na vijidudu vinaendelea kukaa mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wagonjwa wa brusela wa Arusha na Manyara uliwakuta baadhi yao wamefika kwenye tiba zaidi ya mwaka mmoja tangu waanze kuugua. Na brusela inatibika, kwa doksisaiklini ya wiki sita pamoja na antibaiotiki ya pili. Mtu anaweza kulemaa mgongo kwa ugonjwa uliokuwa na dawa.

Tena kuna maji. Ukanda wa Bonde la Ufa una visima vyenye madini ya floridi nyingi, na kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Wote tunayajua meno ya kahawia, lakini floridi ya miaka mingi huingia pia mifupani na kuukakamaza uti wa mgongo na viungo. Hakuna kidonge cha kuiondoa. Dawa yake ni kubadilisha chanzo cha maji.

Kwa goti lililosagika kweli, kitu chenye nguvu kuliko vyote hivi ni misuli ya paja. Kaa kwenye kigoda, nyoosha mguu mmoja mbele, ushikilie ukihesabu hadi tano, ushushe polepole, urudie mara kumi kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Mwenye uzito mkubwa ajue kwamba kila kilo anayoipunguza hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Na fimbo, ambayo wazee wa Kibarbaig na Kiiraqw wanayo tayari, ishikwe mkono ulio mkabala na goti bovu: goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Wengi huishika upande uleule na kukosa faida yake.

Wafugaji nao wasikie: mwaka 2007 diklofenaki ya mifugo ilikutwa ikiuzwa katika kituo kimoja cha huduma za mifugo hapa Tanzania. Ng'ombe akichechemea, mwombe daktari wa mifugo meloksikamu, ambayo tumbusi wanaivumilia.

Kama nyumbani kwako kuna mzee anayemeza dawa ya miguu kila siku, mpeleke mwezi huu huu kituo cha afya. Beba vidonge vyote anavyotumia, na vya presha. Aombe kupimwa presha, figo na damu, na kama anakunywa maziwa mabichi au anahudumia mifugo, apimwe brusela. Akiona choo cheusi kama lami, au miguu ikivimba na mkojo kupungua, aache kidonge siku hiyohiyo na asisubiri hadi mwezi uishe.