Gari Linalosita na Kubugia Mafuta

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na jioni yake wenye magari hukaa wakapiga hesabu. Bei ikipanda shilingi mia moja kwa lita, mtu atalalamika juma zima, kazini na barazani. Lakini mtu huyo huyo anaendesha gari linalokunywa lita 12 kwa safari ambayo lingeweza kwenda kwa lita 8, huu mwaka wa pili, na wala halalamiki. Ukimuuliza atakwambia gari limezeeka, na uzee ndivyo ulivyo.

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tulipinge wazo hilo. Gari halianzi kubugia mafuta kwa sababu ya umri peke yake. Huanza kwa sababu kuna kitu kimeharibika, kimelegea, au kimeondolewa na mkono wa mtu. Mara nyingi kitu hicho ni cha bei ndogo kuliko vipuri vitatu au vinne ambavyo mwenye gari ameshauziwa kwa kubahatisha.

Ninazungumzia zile saluni ndogo za Japani za miaka ya 1990, kama Toyota Corolla yenye injini ya 5A ya sisi 1,500, ambazo hadi leo zinapeleka watoto shule na kubeba abiria. Ugonjwa wake unajulikana. Taa za barabarani zinaruhusu, unakanyaga mafuta, gari linasita kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, kisha linaruka ghafla. Na kila siku upo kituoni unajaza.

Jambo la kwanza ni kupima, maana mshale wa dashibodi si kipimo. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha siku chache, halafu rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena mpaka ijikate. Kama umekwenda kilomita 312 na tangi limepokea lita 39, gari lako linatoa kilomita 8 kwa lita. Gari la namna hii likiwa na afya, mjini, nalitarajia litoe 10 hadi 12. Hapo lazima tuwe waadilifu na kuipa foleni haki yake. Injini ndogo inayonguruma bila kutembea hula kama nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa huongeza. Aliyekaa saa mbili Ubungo asimlaumu fundi. Aidha kama ulibadilisha ukubwa wa matairi, kilomita unazosoma si za kweli. Na kabla hujafungua boneti, sukuma gari kwenye sakafu tambarare, gia ikiwa huru. Likigoma kwenda, au rimu moja ikawa ya moto kuliko wenzake baada ya safari, unachotafuta ni breki iliyokamata, na injini haina kosa.

Sasa tuingie ndani. Watu wengi hudhani kwamba pedeli ya mafuta inafungulia petroli. Katika magari haya pedeli inafungulia hewa. Injini inavuta hewa, na petroli inatakiwa ifuate kwa kipimo: kwa uzito, sehemu moja ya petroli kwa sehemu karibu 14.7 za hewa. Ukigeuza kuwa ujazo utashangaa, kwani lita moja ya petroli inahitaji kama lita elfu tisa za hewa. Unapokanyaga ghafla, hewa inaingia kwa kishindo, na petroli lazima iikimbilie. Katika gari la kabureta kazi hiyo hufanywa na kijipampu kidogo ndani ya kabureta kinachorusha petroli kila unapokanyaga. Mpira wake ukikauka, gari linasita. Katika gari la nozeli, kompyuta ndiyo inayoamua, kwa kuamini habari inazoletewa na sensa.

Petroli ikichelewa au ikiwa kidogo, injini inakosa nguvu na pengine inapiga chafya kurudi kwenye njia ya hewa. Petroli ikizidi, injini inapaliwa: moshi mweusi, harufu ya petroli nyuma, plagi zenye masizi. Kusita peke yake kunaweza kuletwa na mambo mengi. Kula mafuta peke yake vile vile. Lakini vikija pamoja, mashaka yangu huelekea kwanza pande mbili: ama petroli imezidi, ama cheche ni dhaifu na petroli inatoka bila kuungua.

Wapo wanaokimbilia kulaumu kituo cha mafuta. Uchakachuaji ulikuwapo na ulisumbua nchi, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo na wajanja wakayachanganya. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida hiyo ife. Lakini kama gari linasita miezi sita mfululizo, ukijaza Mbagala, Mwenge na Kimara, hebu waache wenye vituo wapumzike.

Kuna kifaa kimoja nataka nikiseme kwa kirefu, kwa sababu mji huu umekidhulumu. Kinaitwa thamostati. Ni kizibo kidogo kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto wa kutosha, katika injini nyingi za aina hii kama nyuzi 82 za Selsiasi. Fundi wa kichochoroni akiletewa gari lililochemsha, jambo la kwanza ni kukitoa na kukitupa. Atakuambia kifaa hiki ni cha nchi za baridi, joto la Dar es Salaam halikihitaji. Hoja hiyo inavutia mpaka uihesabu. Joto la mchana hapa ni nyuzi 32 au 33. Kutoka 33 kwenda 82 bado ni safari ndefu, na upepo wa barabara kuu unaopita kwenye rejeta hauruhusu injini isiyo na kizibo kufika.

Injini ikiwa ya baridi, petroli haigeuki kuwa mvuke vizuri, kwa hiyo kompyuta imefundishwa kuongeza petroli mpaka maji yapate moto. Maji yasipopata moto, inaendelea kuongeza, asubuhi hadi jioni. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuichafua oili yenyewe. Tena katika baadhi ya injini za Toyota, thamostati hufunga pia njia ya mkato ambayo maji hupitia bila kufika kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na gari ulilotaka lisichemshe linaweza kuchemsha katika foleni.

Mtaani kwangu jambo hili lilikaribia kumfukuzisha mtu kazi. Tajiri mmoja wa teksi alimshtaki dereva wake kwa wazee kwamba anauza petroli. Zamani lita 11 zilitosha siku nzima ya kilomita 120 hivi, sasa lita 15 hazitoshi, na hesabu ya jioni haitimii. "Bosi, mimi petroli siinywi," dereva alijibu, na watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Mimi niliuliza swali moja tu, kama gari limewahi kuchemsha. Lilichemsha, likapelekwa gereji moja, na tangu hapo mshale wa joto haujawahi kufika katikati. Ilinunuliwa thamostati, rejeta ikazibuliwa, na gari likarudi kwenye lita 12. Lita moja iliyobaki ilikuwa ya plagi na waya zake.

Kukagua hakuhitaji fundi. Washa injini ikiwa baridi, na mara kwa mara gusa mpira wa chini wa rejeta, mikono mbali na feni. Thamostati ikiwepo na nzima, mpira hubaki wa baridi kwa dakika kadhaa wakati mshale unapanda, ndipo unapata moto. Isipokuwepo, mpira unapata joto pole pole tangu mwanzo, pamoja na injini. Dalili nyingine ni mshale unaoshuka ukishika barabara ya Morogoro na kupanda ukiingia foleni.

Baada ya hapo iulize kompyuta. Vijana wenye mashine za kupima hukataa magari haya kwa sababu soketi yao haiingii, kisha wanaanza kubahatisha kama wengine. Toyota nyingi za miaka ile zina kijisanduku cheusi chini ya boneti, kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake tafuta matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, uyaunganishe kwa kipande cha waya. Soma vizuri maandishi ya kifuniko, kwani ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itamweka. Ikimweka mara mbili, ikatulia, ikamweka tena mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, 31 ni sensa ya mvuto wa hewa, 41 ni ile inayosoma pedeli imefunguliwa kiasi gani. Ikimweka mfululizo kwa mwendo ule ule bila kutulia, kompyuta haijaona kosa. Na kama taa haiwaki kabisa unapowasha swichi, shuku kwamba aliyekuuzia gari aliitoa balbu.

Hata hivyo kompyuta huona tu sensa iliyokatika au inayotoa habari zisizowezekana. Thamostati iliyotupwa haitakuletea namba yoyote, kwa sababu sensa inasema kweli: maji ni ya baridi. Ndiyo maana nilianza na mpira wa rejeta.

Kadhalika na kile kimpira chembamba kama penseli kinachotoka kwenye njia ya hewa mpaka kwenye sensa ya mvuto, ambayo katika Corolla nyingi imefungwa kwenye ukuta kati ya injini na abiria. Kimpira kikipasuka au kikichomoka, sensa inaiambia kompyuta kwamba gari linapanda mlima na mzigo, nayo inamwaga petroli ipasavyo. Nimeona watu wakinunua nozeli nne kwa ajili ya kimpira cha shilingi elfu chache. Kipinde kwa vidole, ukikagua ncha zake zote mbili.

Chujio la hewa ligonge na ulitazame juani. Plagi zifunguliwe zote na zipangwe kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi au cheche hafifu, na ikiwa plagi moja tu ndiyo nyeusi, tafuta ubaya kwenye silinda hiyo na waya wake. Mwanya wa plagi katika injini hizi huwa milimita 0.8 au 1.1 kutegemea aina yake, na fundi asiye na kipimo cha mwanya mwulize anapimaje. Waya za plagi nazo zina siri yake: usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikiwa inawaka. Ukiona vicheche vya buluu vikirukaruka juu ya waya, umeshapata jibu, na usiguse chochote.

Yote haya yakishakuwa sawa na gari bado linasita, kabla hujanunua kitu kingine mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne mbele yako, injini ikiwa ya moto, cheche na petroli vikiwa vimekatwa, plagi zote nje, na pedeli imekanyagwa mpaka chini. Aandike namba nne kwenye karatasi. Silinda ikipishana na wenzake kwa zaidi ya paundi 14 hivi, amwage oili kidogo kwenye tundu la silinda hiyo na apime tena. Namba ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi, na hapo mazungumzo yenu yatakuwa ya kufungua injini au kutafuta nyingine.