Metadata: Maelezo Yanayofanya Taarifa Ipatikane

Mkazi anafika katika ofisi ya serikali ya kaunti kuulizia mkataba wa ukarabati wa barabara ya kijiji chake. Akisema tu "ile barabara yetu", karani wa masjala atalazimika kupekua faili moja baada ya nyingine. Akitaja jina la barabara, wadi, idara husika na mwaka wa fedha, kazi inakuwa nyepesi. Maelezo hayo manne ni mfano wa metadata, yaani taarifa zinazoeleza taarifa nyingine.

Metadata si mkataba wenyewe. Ni yale yanayoandikwa juu ya jalada la faili: kichwa, nambari ya kumbukumbu, tarehe na idara. Yasipoandikwa, hati inaweza kuwa kabatini na bado isionekane. Orodha moja inayotumika kimataifa, Dublin Core, ilianza kuandaliwa mwaka 1995 katika mji wa Dublin, Ohio, nchini Marekani. Ina vipengele 15 vya msingi, vikiwemo kichwa, tarehe, lugha na haki za matumizi.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, likiwa na maelezo ya kutosha kumwezesha afisa kuelewa kinachotafutwa. Afisa anatakiwa kutoa uamuzi mapema iwezekanavyo, na kabla ya siku 21 kupita. Habari zikihusu uhai au uhuru wa mtu, zinapaswa kutolewa ndani ya saa 48.

Simu pia huhifadhi metadata. Picha ya daraja lililobomoka huweza kubeba tarehe, saa na, ikiwa kamera imeruhusiwa kutambua mahali, sehemu ilipopigwa. Hayo humsaidia mhandisi kulifikia daraja. Lakini picha ya mtoto iliyopigwa nyumbani nayo huweza kuonyesha nyumba ilipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja data ya mahali miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu.

Wakazi wanashauriwa kuzima utambuzi wa mahali kwenye kamera na kuuwasha wanapopiga picha za kuripoti uharibifu. Aidha, kabla ya kuomba hati yoyote, waandike kwanza: ni hati gani, ya idara gani, ya wadi gani na ya mwaka gani.