Kilo 10 za Unga Zikifika Mshtarii

Ndugu msomaji, chukua mfuko wa unga wa kilo 10 uliotoka nao dukani. Utundike kwenye mizani ya springi, ile yenye kulabu na mshale. Mshale utasimama kwenye 10. Sasa fikiri kwamba mfuko huo huo, bila kupunguzwa hata chembe, umefikishwa Mwezini. Mshale hautafika hata 2.

Je, umepunjwa? La hasha! Unga ni ule ule, na ugali wake utawashibisha watu wale wale. Kilichopungua ni nguvu ya uvutano, ambayo Mwezini ni kama sehemu moja ya sita ya ile ya hapa duniani.

Wengi wetu tulikaririshwa sayari kwa kufuata ukubwa wake, nasi tukadhani kuwa iliyo kubwa zaidi ndiyo ivutayo zaidi. Basi itazame Mirihi, yenye kipenyo cha kilometa 6,800 hivi, na Utaridi yenye kilometa 4,900 tu. Ukipeleka unga wako huko, mshale utaonyesha karibu 3.8 katika sayari zote mbili! Siri ni kwamba Utaridi, ingawa ni ndogo, imeshindiliwa chuma kingi tumboni mwake. Tena, asimamaye juu yake yuko karibu zaidi na kitovu cha sayari.

Ukaribu huo ndio wenye mambo. Mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton alitangaza kanuni yake: ukiwa mbali na kitovu mara 2, uvutano hupungua mara 4, ukiwa mbali mara 3, hupungua mara 9. Zohali ina maada mara 95 ya dunia yetu, lakini upana wake ni zaidi ya mara 9. Zidisha 9 na kitu kwa 9 na kitu, utapata karibu 90. Hivyo faida yote ya unene inaliwa na umbali, na unga wako, juu ya mawingu ya Zohali, ungekaribia kuwa na uzito ule ule wa nyumbani. Zohali yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba, kwa ujazo ule ule, maji ni mazito kuliko hiyo.

Zuhura na Uranusi zingetoa kama 9, Neptuni kama 11. Hazina kishindo.

Mwenye kishindo ni Mshtarii. Maada yake ni mara 318 ya dunia, na upana wake ni mara 11 tu. Hapo umbali haukufua dafu. Mshale ungepanda hadi 25. Mama wa kilo 60 angejiona kama amebebeshwa gunia la kilo 90 mgongoni, wala asingepata pa kulitua, kwa kuwa Mshtarii ni hewa na mawingu, haina ardhi ya kukanyaga.

Lakini tuseme umechukua mizani ya zamani, ile ya sahani mbili na mawe. Unga ungekuwa mzito, na mawe nayo vivyo hivyo. Sahani zingelingana, na muuzaji angekudai bei ya kilo 10, si zaidi.