Mwanga, Kiza na Kauli ya Kutendesha: Taa za Jukwaani katika Kumbi Ndogo za Mji Mkongwe, Zanzibar

Utangulizi

Uchambuzi wa tamthilia ya Kiswahili umeshughulikia kwa mapana dhamira, wahusika, falsafa za watunzi na matumizi ya lugha. Taa hazikupata nafasi hiyo. Zimebakia ndani ya mabano, katika maelekezo ya jukwaa, ambako msomaji huzipita haraka ili ayafikie mazungumzo. Makala hii inakusudia kuzitoa humo. Mwandishi wake si fundi wa taa bali ni mwanaisimu, ambaye kwa miaka mingi amewasimamia wanafunzi wakiigiza katika vyumba vya ghorofani, viwanja vya skuli na nyua za Unguja, aghalabu kwa taa zisizozidi sita.

Hoja yetu inaanzia katika sarufi. Maelekezo ya jukwaa katika tamthilia zetu huandikwa, kwa kiasi kikubwa, kwa vitenzi visivyo na mtenda: taa zinafifia, taa zinazimika, kiza kinatanda. Kisarufi hakuna kosa. Lakini taa haififii yenyewe. Yuko mtu anayeififisha, kwa mkono wake, kwa muda fulani, baada ya kusikia neno fulani kutoka kwa mtu mwingine. Kazi ya mwongozaji ni kuyachukua maelekezo yaliyoandikwa kwa kauli ya kutendeka na kuyarejesha katika kauli ya kutendesha: nani, kwa ishara gani, kwa sekunde ngapi. Mwongozaji asiyeifanya kazi hiyo huwaachia wengine walipe gharama yake, kama tutakavyoona.

Chumba na kuta zake

Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari za nyumba zake za kale hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vingi havizidi mita 3 hivi kwa upana hata vinapokuwa virefu. Kwa mtu wa taa, habari hiyo ina uzito kuliko jina la taa aliyonayo.

Sababu ni kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Mwigizaji aliye mita 2 kutoka kwenye taa akirudi nyuma hadi mita 4, hupata robo tu ya mwanga aliokuwa nao. Akisogea mbele hadi mita 1, hupata mara nne. Katika ukumbi mkubwa hatua moja haibadilishi kitu. Katika chumba chetu hatua hiyohiyo humfanya mwigizaji awake kama sufuria mpya iliyoanikwa juani. Tiba yake ni rahisi: usimwelekezee taa mwigizaji, uelekezee ukuta uliopakwa chokaa nyeupe au dari. Mwanga utakaorudi ni laini, umeenea, na haujali sana mwigizaji amesimama wapi. Taa ya kuelekezwa moja kwa moja iwekwe akiba kwa pahala ambapo mwigizaji anatulia.

Kuta hizo hazifai kutobolewa. Chokaa haishiki parafujo vizuri, boriti ina umri kuliko babu zetu, na Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kila tundu ni hasara ya wote. Taa zisimamishwe juu ya milingoti yenye miguu mitatu, na kila mguu ukandamizwe kwa mfuko wa mchanga. Mchanga hatujaukosa.

Ngome Kongwe ni habari nyingine. Ngome yenyewe ilijengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na ukumbi wa wazi uliomo ndani, wenye madaraja ya kukalia, ni wa miaka ya 1990. Humo hakuna dari wala ukuta wa karibu wa kurudisha mwanga. Kuna upepo wa bahari ulio na chumvi, unaokula viungo vya waya, na kuna mbingu. Jua la Unguja huchwa, mwaka mzima, takribani baina ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni, kisha kiza huingia upesi. Onesho linaloanza saa 12 haliwezi kutegemea badiliko lolote la taa katika nusu saa yake ya mwanzo, na zaidi ya hapo litakutana na adhana ya Magharibi. Waongozaji wenye busara huanza baada ya sala ya Isha. Na mazoezi ya taa yafanywe usiku, pahala pale pale. Mazoezi ya taa ya saa 10 alasiri ni maigizo ya mazoezi.

Uso, kanzu na buibui

Mmarekani Stanley McCandless, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Yale, alitoa mwaka 1932 njia ambayo bado hufundishwa: kila eneo la jukwaa liangazwe na taa mbili kutoka mbele, moja kila upande, kila moja ikishuka kwa pembe ya nyuzi 45, moja ikiwa na rangi ya joto na nyingine ya ubaridi. Ukiweka taa mita 3 kutoka sakafuni, na uso wa mwigizaji uko mita moja na nusu, basi taa itakuwa mbele yake kwa mita moja na nusu tu. Katika vyumba vyetu pembe hiyo inapatikana bila shida.

Hata hivyo, njia hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kanzu na buibui. Kanzu nyeupe hurudisha karibu mwanga wote. Buibui jeusi humeza karibu wote. Na baina yake uko uso wa rangi ya maji ya kunde au mweusi, ambao ndio tunaotaka kuuona. Mwendesha taa akipima kwa kanzu, uso hupotea. Akijaribu kuliokoa buibui kwa kuongeza taa za mbele, kanzu huumiza macho. Tumejifunza mambo mawili. Kwanza, kanzu ya jukwaani isiwe nyeupe kabisa. Itoswe katika maji ya chai au ichaguliwe ya rangi ya maziwa, na hakuna mtazamaji atakayegundua. Pili, buibui haliokolewi kwa mbele. Taa moja ndogo kutoka nyuma au ubavuni, inayogusa bega na ukingo wa mtandio, hulitenga na kiza cha nyuma yake na kulipa umbo. Taa hiyohiyo ya ubavuni huusaidia uso mweusi kwa kuonesha mng'ao wa shavu na paji.

Mwanga wa kutoka chini hupindua vivuli vya uso na kuufanya wa kutisha. Anayeandaa Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) anaweza kuuhitaji. Anayeandaa Aliyeonja Pepo ya Farouk Topan (1973) auepuke kwa malaika wake.

Umeme na karabai

Wanafunzi wetu wa fasihi huogopa hesabu, lakini hii hawana budi nayo: wati ni volti mara ampea. Soketi ya kawaida ya Zanzibar ni ya volti 230, na plagi yake ina fyuzi ya ampea 13. Jumla ni wati 2,990. Taa tano za halojeni za wati 500 kila moja ni wati 2,500, nazo zinatosha kwa soketi hiyo. Ya sita isichomekwe, wala birika la chai la nyuma ya pazia. Hayo ni katika nyumba yenye nyaya nzima. Katika nyumba ya kale, fundi umeme aitwe kwanza, na neno lake liwe la mwisho. Waya wa kuongezea ukunjuliwe wote: waya uliobaki umezongwa hupata joto na unaweza kuyeyuka. Taa za LED, ambazo hutoa mwanga mwingi kwa wati chache, zimetupunguzia hofu hizi, ingawa zile za bei nafuu hazifififishiki kwa ulaini. Huteremka kwa ngazi, kisha hukatika ghafla.

Aidha, umeme wenyewe si jambo la kuaminiwa upofu. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Waya huo ulipoharibika mwaka 2008 kisiwa kilikaa bila umeme huo kwa takribani wiki nne, na mwishoni mwa mwaka 2009 hadi Machi 2010 kwa takribani miezi mitatu. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013. Ushauri wetu ni kwamba kila kundi liwe na mpango wa kuendelea gizani: taa mbili za betri zilizokwisha kuelekezwa tangu mwanzo, na karabai moja.

Karabai isidharauliwe. Kwa miongo mingi ndiyo iliyomulika ngoma na michezo ya mashamba. Mwanga wake ni mweupe, unatoka nukta moja, na vivuli vyake ni vikali. Pampu yake ikilegea, hufifia pole pole bila kuguswa na mtu. Hiyo pekee, katika taa zote za jukwaani, ndiyo inayostahiki kitenzi kisicho na mtenda. Lakini ni moto, na haina pahala katika chumba kilichojaa watu na mlango mmoja.

Washa na wacha

Sasa tufike kwenye maneno. Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala hii alikuwa akiongoza mchezo wa wanafunzi katika chumba cha ghorofani. Baina ya onesho la pili na la tatu taa zilizimwa, na mwigizaji wa kike alitakiwa abadilishe vazi papo hapo jukwaani, gizani. Kijana wa taa alinyoosha mkono mapema. Nikamnong'oneza kutoka mwisho wa chumba: ‘Wacha!’ Akawasha. Binti yule alikuwa hana ushungi, vazi moja limekwisha kuvuliwa na la pili halijavaliwa. Wazee wake walikuwa wamekaa safu ya mbele. Hakurudi tena kwenye mazoezi, na sikuwa na la kuwaambia wazee wake. Kosa halikuwa la kijana. Alitii neno alilolisikia.

Kifonetiki, jambo hili linaelezeka. Washa na wacha ni jozi inayotofautishwa na sauti moja, nayo ni baina ya kikwamizi na kipasuo-kwamizi, vyote visivyo na ghuna na vya pahala pamoja pa matamshi. Mkazo hausaidii, kwa kuwa katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yote mawili yana silabi mbili. Mvumo wa pangaboi hufunika sauti hizohizo za mkwaruzo. Na Waunguja tunasema wacha pale ambapo wengine husema acha, hivyo hatari hii ni yetu zaidi. Hali kadhalika ongeza na punguza: zimefanana mwishoni, na katika mnong'ono silabi ya mwanzo ndiyo hupotea upesi.

Kwa hiyo amri za taa zisichaguliwe kwa maana yake tu, bali pia kwa sauti yake. Kila badiliko lipewe nambari katika daftari la taa. Mwongozaji aseme ‘Tayari saba’, na mwendesha taa ajibu ‘Saba’. Kisha litolewe neno moja la kutekeleza, ambalo usiku ule halitatumika kwa jambo lolote jingine. Haya halifai, maana Unguja hakuna sentensi isiyo na haya. Sasa vilevile. Wanafunzi wangu walichagua vuta, neno la wavuvi na wapandisha tanga, na halijatukosesha. Kuzuia kuwe kwa mkono juu ya bega la mwendesha taa, bila neno lolote. Kwa sababu hiyo msaidizi wa mwongozaji akae karibu naye, si mwisho wa chumba. Na nguo hazibadilishwi jukwaani kwa kutegemea kiza, hata iweje.

Pande nazo zina utata. Kulia ni kwa nani: kwa mwigizaji au kwa hadhira? Mabaharia wetu waliliepuka suala hili kwa kutaja upande wa chombo kwa upepo, goshini na demanini. Sisi tunaweza kutaja mahali pasipogeuka: katika Ngome Kongwe, upande wa bahari na upande wa mjini, chumbani, dirishani na mlangoni. Mgeni huyajifunza kwa dakika moja.

Istilahi ya jumla ingali na kazi. Nuru ina mnasaba wa kidini na kishairi, na mwangaza ni hali ya kuenea, hivyo kwa kitu kinachopimwa na kuongozwa tunapendelea mwanga. Wapo watakaocheka, kwani mwanga Unguja ni mchawi pia. Ngeli inawatenganisha: mmoja ni wanga, wa pili ni mianga. Lakini katika umoja, usiku, ndani ya chumba chenye kiza, nimewahi kumsikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiuliza kwa dhati ni mwanga gani anayetakiwa aingie kutoka dirishani. Tangu hapo, katika daftari letu, kila kinachoingia huandikwa taa, pamoja na nambari yake na jina la anayeiwasha.