Uvimbe wa saratani huiba maji ya nani?

Hebu fikiria ploti yenu. Nyumba kumi, mita moja ya maji. Usiku mmoja jirani anachimba na kujiunganishia paipu yake kinyemela. Haombi, halipi, na kila wiki anaongeza chumba. Huyo jirani ndiye uvimbe wa saratani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniitishe digrii. Haya nilianza kuyasoma baada ya shangazi yangu kupatikana na saratani ya matiti.

Iko hivi: seli za mwili hazigawanyiki ovyo, hungoja kuambiwa. Wanaoziambia ni protini fulani, tuziite vichocheo vya ukuaji. Ukijikata kidole ukikata sukuma, vichocheo huamsha seli za ngozi mpaka kidonda kifunge, halafu vinanyamaza. Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walituzwa Nobel mwaka wa 1986 kwa kuvigundua.

Saratani huvuruga mpango huo. Seli nyingine hujitengenezea vichocheo zenyewe. Nyingine hujaza vipokezi juu yake, yaani masikio ya kusikia ujumbe, hadi zinagawanyika hata kama hakuna aliyezituma. Kipokezi kimoja cha aina hiyo kinaitwa HER2, na hupatikana kwa wingi kupita kiasi katika asilimia 15 hadi 20 hivi ya saratani za matiti.

Na ile paipu? Mwaka wa 1971, daktari mpasuaji Mmarekani Judah Folkman aliandika kwamba uvimbe hauwezi kupita milimita chache bila kupata mishipa yake ya damu. Wengi walimpuuza. Baadaye kichocheo VEGF kikajulikana: uvimbe hukitoa, na mishipa ya jirani huchipuka kuufuata, ikiuletea chakula na oksijeni.

Ukijua mwizi anapitia wapi, unaweza kumfungia. Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1998, hushika HER2. Bevacizumab, ya 2004, huzuia VEGF. Si miujiza, na mara nyingi hutolewa pamoja na kemotherapi. Tena trastuzumab hupewa tu mgonjwa ambaye uvimbe wake umepimwa ukapatikana na HER2 nyingi.

Hapo ndipo sisi tulilala. Ripoti ya shangazi ilikaa kwa droo miezi miwili, sisi tukibishana kwenye grupu ya familia kuhusu mizizi ya "kukausha uvimbe". Nilipoisoma vizuri, mstari mmoja ulisema: HER2, haijapimwa. Tuliuliza, ikapimwa, ikatoka chanya. Sasa yuko kwa matibabu. Ile miezi miwili haitarudi.

Kwa hivyo msee, kama mama, dadako au wewe mwenyewe umepewa ripoti kama hiyo, usiifiche kabatini. Rudi kwa daktari umuulize: "HER2 imepimwa?" Swali lenyewe halilipishwi.